Maswali ya Jikoni: Gramu 250 za asali zinafika wapi kwenye kikombe?

Mwezi uliopita tuliweka hapa keki ya asali na tangawizi, na kwenye vipimo niliandika asali gramu 250. Sikutegemea hizo gramu 250 zitaleta barua nyingi hivi. Waliofanikiwa wameshukuru, asanteni sana, lakini wengi wamekwama palepale kwenye asali, na nikisoma barua zao naona tatizo ni lilelile linakuja na sura tofauti. Kwahiyo mwezi huu ukurasa wote nauachia asali, shira na ndugu zao.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nimefuata kila kitu ulichoandika, mayai matatu, unga nimechekecha, tangawizi nimesaga mwenyewe, lakini keki imeungua juu ikawa nyeusi alafu katikati imedidimia inanata kama gundi. Mizani sina ila nina jagi la kupimia, lile la plastiki lenye mistari, upande mmoja mililita na upande mwingine unga na sukari kwa gramu. Asali nikajaza mpaka mstari wa sukari 250 maana asali nayo si sukari tu? Nimekosea wapi?
Mama wa mapacha, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, mayai matatu na siagi kwenda na maji sio jambo dogo. Umekosea kwenye huo mstari tu, hakuna pengine.

Fanya hivi sasahivi kama jagi liko karibu. Ligeuze uangalie mstari wa sukari gramu 250 unatazamana na mililita ngapi upande wa pili. Utakuta ni karibu 300. Aliyechora ule mstari alikuwa anafikiria sukari kavu ya chengachenga, na sukari kavu ukiimimina kwenye chombo kati ya chenga na chenga kuna hewa tupu, ndio maana kikombe cha mililita 240 kinabeba sukari gramu 200 tu. Asali haina hewa. Asali ni sukari iliyoyeyuka ikabanana kwenye maji kidogo sana, kwenye kila gramu 100 maji ni kama 17 au 18 hivi na karibu gramu 80 ni sukari yenyewe, kwahiyo kila mililita moja ya asali ina uzito wa kama gramu 1.42. Maji mililita moja ni gramu moja, asali ni moja na karibu nusu. Ukijaza jagi mpaka usawa wa mililita 300 umemwaga humo asali zaidi ya gramu 400. Mimi nilisema 250. Yaani umeweka asali ya keki moja na zaidi ya nusu ya keki ingine.

Na ndio maana ikawa vile. Asali ina fruktosi nyingi, ile sukari ya kwenye matunda, na fruktosi inashika rangi haraka kuliko sukari ya mezani, kwahiyo juu inaungua kabla ndani hakujaiva, alafu utamu ukizidi kwenye keki unga na mayai vinachelewa kushikana, katikati inabaki laini na ukitoa kwenye oveni inashuka. Oveni yako haina kosa na mkono wako hauna kosa.

Hata ungetumia upande wa mililita ukajaza mpaka 250 bado ungezidisha, maana mililita 250 za asali ni gramu 355. Ulichokuwa unakitafuta ni mililita 176. Hesabu yake ni nyepesi: una mililita unataka gramu, zidisha kwa 1.42, una gramu unataka mililita, gawanya kwa 1.42. Ukiona hiyo 1.42 inakusumbua tumia 1.4, kwenye keki ya nyumbani haitakuangusha.

Siku ukipata mizani, hata ile ndogo ya dijitali, kuna njia moja ya kupima asali naipenda kuliko zote na watu wengi hawaijui. Usiweke bakuli kwenye mizani. Weka chupa ya asali yenyewe, ikiwa imejaa na imefunguliwa na kijiko cha kuchotea kimo ndani yake, bonyeza kile kitufe cha kurudisha sifuri (kimeandikwa TARE au herufi T tu), alafu anza kuchota na kuweka kwenye bakuli lako la keki, kila ukichota na kurudisha kijiko mizani inasoma kutoa, kutoa 60, kutoa 140, ikifika kutoa 250 umemaliza. Asali iliyoganda kwenye kijiko inarudi nacho kwenye chupa na mizani inaihesabu. Hapo hakuna kikombe cha kukwangua, hakuna asali iliyobaki ukutani mwa jagi, kilichotoka kwenye chupa ndicho kilichoingia kwenye keki.

SWALI: Shangazi na sisi ambao mizani hatuna na hilo jagi pia hatuna? Nina vikombe vya chai na vijiko vya nyumbani basi.
Msomaji, Kahama

JIBU: Vijiko vya nyumbani kwa asali naomba uviache. Kijiko cha chakula kwenye vitabu ni mililita 15, hicho kwa asali ni gramu 21, na kijiko cha chai ni mililita 5, gramu 7. Lakini kijiko cha kulia wali nyumbani hakikutengenezwa kupimia, kuna kingine kinashika mililita 10 na kingine 15, alafu asali sio maji, asali ya asubuhi ya baridi inapanda juu ya kijiko inakaa kilima na haimwagiki hata tone. Mimi kijiko kimoja hichohicho nimeshakipima mara mbili dakika moja, mara ya kwanza gramu 19, mara ya pili 27. Kosa la gramu nane kwa kijiko, ukizidisha kwa vijiko kumi na mbili ni keki ingine.

Tafuta kwenye kabati la dawa. Dawa ya kikohozi ya watoto inakuja na kikombe kidogo cha plastiki kina mistari ya 5, 10 na 15. Kile ni kipimo cha kweli, kimetengenezwa ili mtoto asizidishiwe dawa. Kioshe vizuri kwa maji ya moto na sabuni, kipake mafuta ya kupikia ndani kwa kidole, jaza asali mpaka 15, hiyo ni gramu 21. Mara kumi na mbili ni gramu 252. Inachosha kidogo lakini unaifanya mara moja tu: ukimaliza ile ya kumi na mbili mimina yote kwenye glasi moja, weka alama nje kwa kalamu ya wino mzito, na glasi hiyo kuanzia leo ndio kipimo chako cha asali gramu 250. Mafuta usiyasahau, bila mafuta asali inabaki humo na kila mara unapungukiwa.

SWALI: Habari shangazi, mi niko Marekani, Minneapolis, huku vipimo vinanichanganya mpaka nataka kulia. Mapishi yanasema asali aunsi 8. Nimenunua chupa imeandikwa aunsi 12. Kikombe changu cha kupimia kina mstari umeandikwa aunsi 8. Nimemimina asali mpaka kwenye mstari wa 8, na chupa ikaisha! Chupa ya aunsi 12 imeishia kwenye kikombe cha aunsi 8. Zile nne zimeenda wapi, nimeibiwa?
Dada wa Minneapolis

JIBU: Hujaibiwa mdogo wangu. Barua yako nimeisomea watu hapa ofisini maana inaeleza huu mkanganyiko vizuri kuliko ambavyo mimi ningeeleza.

Kuna aunsi mbili na zote zinaitwa aunsi. Ya kwanza ni ya uzito, gramu 28 na ushee. Ya pili ni ya ujazo, ya kupimia vitu vya maji, na kwa Marekani ni mililita 29 na nusu hivi. Kwa maji zinakaribiana sana, aunsi moja ya ujazo ya maji ni karibu aunsi moja ya uzito, na hapo ndipo watu wanazoea kuzichukulia kuwa kitu kimoja. Ukija kwenye asali zinaachana. Chupa yako imeandikwa aunsi 12 za uzito, gramu 340. Kikombe chako kina mstari wa aunsi 8 za ujazo, ambao ndio kikombe kizima cha Kimarekani, kama mililita 237. Zidisha kwa 1.42, unapata gramu 336. Kwahiyo chupa ya aunsi 12 ya asali ni kikombe kimoja kamili, chupa ilikuwa inasema kweli na kikombe kilikuwa kinasema kweli.

Sasa mapishi yako yalitaka ipi? Kama ni aunsi 8 za uzito hiyo ni gramu 227, sawa na theluthi mbili ya kikombe. Kama ni za ujazo ni kikombe kizima. Tofauti ni zaidi ya gramu 100, sio ya kupuuza. Angalia viungo vingine kwenye hayo mapishi: kama unga nao umeandikwa kwa aunsi basi mwandishi anatumia mizani na asali nayo ni ya uzito. Kama unga uko kwa vikombe na asali peke yake iko kwa aunsi, kuna uwezekano kaisoma kwenye chupa, na chupa za asali huko Marekani zinaandikwa uzito. Mapishi ya Uingereza yanayotumia aunsi kwa goldeni sirapu au kwa molasi pia ni uzito, wale wanaweka bakuli juu ya mizani wanamimina.

Na jihadhari na ile sirapu ya mepo mnayomwagia pankeki huko, ile chupa yake inaandikwa kwa ujazo, sio uzito kama ya asali, kwahiyo chupa mbili zimekaa rafu moja dukani, zote zimeandikwa aunsi 12, na vilivyomo havilingani. Alafu mepo ni nyepesi kuliko asali, ina maji karibu theluthi moja, kwahiyo zidisha kwa 1.32 tu, kikombe kinatoka kama gramu 315. Molasi, goldeni sirapu na sirapu ya mahindi zinakaa kwenye 1.4 pamoja na asali. Kwa wasomaji wa Muscat na Dubai walioniuliza kuhusu asali ya tende, ile uzito wake unategemea imechemshwa kiasi gani, ipo kati ya 1.3 na 1.4, ipime ya kwako mwenyewe.

Kupima ya kwako ni hivi, na hii ni kwa yeyote mwenye mizani na kikombe chochote, hata kilichovunjika mkono. Weka kikombe kitupu kwenye mizani, rudisha sifuri, jaza maji mpaka unapotaka, andika gramu. Hizo gramu za maji ndio mililita za kikombe chako. Mwaga maji, kausha kabisa, rudia kwa asali mpaka palepale. Gawanya ya asali kwa ya maji. Namba utakayopata ni ya asali yako na kikombe chako, sio ya kitabu cha mtu mwingine, na hapo hutakuwa na haja ya kujua kikombe cha nchi gani, maana Marekani ni kama 237, Australia 250, Japani 200, na kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20 wakati kwingine ni 15.

SWALI: Assalam alaikum shangazi. Mimi nauza kaimati, napata oda za harusi na mwezi wa Ramadhani nalemewa kabisa. Shira yangu nafanya vikombe viwili sukari na kikombe kimoja maji, ndivyo alivyonifunza mamangu. Kidogo inatoka vizuri. Nikizidisha kwa oda kubwa siku nyingine inakuwa nyepesi kaimati zinalowa, siku nyingine inarudi sukari kwenye sufuria kabla sijamaliza kuchovya. Je naweza kupima shira kwa kilo badala ya vikombe?
Bint wa Likoni

JIBU: Waalaikum salaam warahmatullah. Waweza, na mimi naona shira ndiyo inayohitaji mizani kuliko hata asali, maana asali nyuki ameshaimaliza kuipika na shira unaipika wewe.

Tuanze na vikombe vya mamako. Sukari vikombe viwili ni gramu 400, maji kikombe kimoja ni gramu 240. Jumla 640. Sasa kuna kitu nataka ukione kwa macho siku moja: vikombe viwili na kikombe kimoja havifanyi vikombe vitatu. Sukari ikishayeyuka kabla hata haijachemka, mimina kwenye kikombe uone, utapata vikombe viwili na tone juu, kama mililita 490. Ile nafasi ya hewa kati ya chenga za sukari imejazwa maji. Kwahiyo ukipima shira kwa kikombe kabla na baada unapotea, lakini kwenye mizani 640 iliyoingia ni 640 iliyopo, na ikipungua ujue ni maji yameondoka na mvuke, sukari haiondoki.

Hapo ndipo penyewe. Shira ya kaimati unayoitaka, ile ya kuvuta uzi kati ya vidole viwili, ni shira ambayo kwenye kila gramu 100 sukari ni kama 80. Wewe umeweka sukari 400. Basi 400 inakuwa themanini kwa mia shira nzima ikifika gramu 500. Yaani unachemsha mpaka 640 imekuwa 500, umeondoa maji gramu 140, basi, zima moto. Pima sufuria yako tupu leo, iandike uzito wake chini kwa rangi au kwenye karatasi ukutani. Tuseme ni gramu 380. Unaanza na 1,020 kwenye mizani na unaacha ikisoma 880. Mizani usiiwekee sufuria ya moto moja kwa moja, weka ubao wa kukatia juu yake kwanza alafu ndio urudishe sifuri, hizi za kioo zinapasuka.

Kwa oda kubwa uwiano ni 5 kwa 3. Sukari kilo 5, maji lita 3, jumla kilo 8, chemsha mpaka kilo 6 na robo. Utaona kwanini ulikuwa unapata nyepesi: sufuria kubwa na jiko lilelile, dakika zilezile ulizozoea, maji hayajapata muda wa kuondoka. Wengi wanazidisha viungo alafu wanasahau kwamba muda hauzidishwi kwa hesabu hiyohiyo, unategemea upana wa sufuria na moto.

Kuna watu watakwambia nunua kipimajoto, shira ya uzi ni kama nyuzi 110 hadi 112. Kweli, huko Likoni usawa wa bahari. Dada yako akiwa Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwasababu ya mwinuko, akisubiri 110 shira yake itakuwa imeshapita uzi inaelekea kuwa peremende. Uzito haujali uko wapi. 500 ya Likoni ni 500 ya Nairobi na ni 500 ya Mbeya.

Kurudi sukari ni habari ingine, mara nyingi ni chenga zilizobaki kwenye ukuta wa sufuria au mwiko unaokoroga shira ikishachemka. Koroga mwanzo tu mpaka iyeyuke, chemsha bila kugusa, kingo zipanguse kwa brashi ya maji, na kamua ndimu mapema, kijiko cha chai kwa hizo gramu 400, ndimu inaivunja sukari kidogo kuwa glukosi na fruktosi na hizo zinazuia chenga zisishikane tena. Iliki weka mwisho.

SWALI: Shangazi mi nanunua asali kutoka Tabora nauza hapa Dodoma. Kuna anayeniuzia kwa kilo na mwingine kwa lita, wa lita yuko juu kidogo bei. Nani ana nafuu? Na je nikipima uzito naweza kujua kama imechanganywa?
Kijana wa Area C

JIBU: Kaka hili swali lingekuja mapema ningelijibu la kwanza kabisa, maana hapa watu wanapoteza hela kila siku bila kujua.

Lita moja ya asali sio kilo moja. Ni kilo moja na gramu 400 na kidogo. Tuseme huyu wa kilo anataka shilingi 10,000 na wa lita anataka 12,000, namba za mfano tu. Gawanya 12,000 kwa 1.42, unapata kama 8,450 kwa kilo. Wa lita ndiye nafuu, na sio kidogo. Upande wako wa kuuza igeuze: ukinunua kwa kilo ukauza kwa chupa za nusu lita, kila chupa inaondoka na gramu 710, ukiihesabia kama nusu kilo unamgawia mteja gramu 210 bure kila chupa. Dumu la lita 20 likijaa mpaka mstari lina asali kilo 28 na ushee. Nawaambia hivi na wa Kitui na Baringo pia, kabla hujakubali bei uliza, ni ya lita au ya kilo?

Kuhusu kuchanganywa, uzito unaweza kukushtua lakini hauwezi kukuhakikishia. Ukipima lita kamili ukakuta kilo 1.3, kuna maji mengi humo, ama imeongezwa ama imevunwa mbichi kabla nyuki hawajaifunika, na asali ya maji mengi inachacha. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinaitwa Codex, vinataka maji yasizidi asilimia 20. Lakini usimshtaki mtu kabla hujauliza ni ya nyuki gani, asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi kwa asili yake. Na upande wa pili, mtu akichanganya shira nzito ya sukari, ile niliyomweleza Bint wa Likoni ya themanini kwa mia, uzito wake ni uleule 1.4, mizani haitasema chochote. Kwahiyo lita nyepesi ni sababu ya kuuliza, lita nzito sio cheti.

Iliyoganda usiikatae, uzito ni uleule na asali ni ileile, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, itarudi.

SWALI: Maziwa mazito ya kopo je?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Zidisha kwa 1.3. Kopo la gramu 397 lina kama mililita 300.

SWALI: Shangazi nataka kuacha sukari kwenye keki zangu zote niweke asali. Keki yangu ina sukari gramu 200. Naweka asali gramu 200?
Mama Tanga

JIBU: Weka 250. Asali sio sukari tupu, kwenye gramu 250 sukari ni 200 na zile 50 zinazobaki karibu zote ni maji. Kwahiyo na maziwa punguza mililita 50, hiki ndicho wanachosahau wengi, wanabadilisha sukari wanaacha maziwa vilevile alafu keki inatoka kama uji. Vitabu vya zamani vinasema kila kikombe cha sukari weka robo tatu ya kikombe cha asali, na ukipima kwa mizani robo tatu ya kikombe inakuja gramu 255, waliotunga hiyo kanuni walikuwa wanajua wanachofanya. Asali ina uchachu kidogo kwahiyo ongeza robo ya kijiko cha chai cha magadi ya keki, na oveni shusha nyuzi 15 isiungue juu. Ila mama, kama kuna mtoto chini ya mwaka mmoja nyumbani asilambishwe asali hata kidogo, hata ya kwenye kijiko, kuna vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

SWALI: Mimi ni msomaji wa miaka mingi. Zamani ukurasa huu ulikuwa unaandika vikombe na tulikuwa tunapika vizuri. Hizi gramu ni za watu wa hotelini. Rudisha vikombe tafadhali.
Bibi wa Moshi

JIBU: Shikamoo bibi, na asante kwa kutusoma miaka yote hiyo. Nakuelewa kabisa, na najua kikombe chako umekizoea, mkono wako unakijua, ukijaza unapata keki ileile kila siku. Ni kweli kwako. Shida ni kwamba kikombe chako mimi sikijui, na cha Dada wa Minneapolis sikijui, nikiandika kikombe kimoja kila mtu anachukua chake kabatini na keki zinatoka kumi tofauti. Kwa unga inavumilika. Kwa asali, ambayo kila tone ni karibu mara moja na nusu ya uzito wa maji, kosa dogo la kikombe linakuwa kosa kubwa la keki.

Lakini sitaki ushindwe kupika, kwahiyo kuanzia toleo hili naandika vyote viwili. Na ile keki ya mwezi uliopita hii hapa tena: unga gramu 300, siagi gramu 150, mayai matatu, maziwa mililita 80, tangawizi ya kusaga kijiko cha chakula, mdalasini kijiko cha chai, beking pauda kijiko cha chai na nusu, magadi ya keki nusu kijiko cha chai, oveni nyuzi 160 kwa dakika 50 hivi. Asali gramu 250, ambayo bibi kwa kikombe cha mililita 240 ni robo tatu ikiwa imepungua kama kijiko kimoja cha chai, na kikombe ukipake mafuta kwanza.